Ushahidi wa Naftaly Mwiti Kuhusu Lango la Ndurumo

Jumamosi hiyo ya mwanzoni mwa Mei, Karambu alikuwa uani akipepeta maharagwe ya mbegu pale mumewe alipotoka kaburini, akakung'uta magoti ya suruali, akapita kando ya kahawa kuelekea barabarani. Ilikuwa saa saba kasorobo. Mechi ingeanza saa tisa, na kutoka Kaaga hadi uwanja wa Ndurumo, ng'ambo ya Makutano, ni mwendo wa saa nzima na zaidi kwa mtu ambaye viatu vinambana.

"Baba Lenah," Karambu aliita bila kuinua macho kwenye ungo. "Hata salamu?"

"Nimechelewa," Naftaly alisema. "Leo tuko na watu wa Chuka."

"Umechelewa wapi na wewe ulishakufa?"

"Timu haijakufa," akajibu, na tayari alikuwa ameshika njia.

Mambo yalikuwa yameenda hivyo kwa miaka miwili. Naftaly Mwiti, fundi wa redio na shabiki wa Kathita Rovers tangu akiwa shule ya msingi, alikufa Aprili 2015 akiwa na miaka arobaini na tisa. Alizikwa shambani kwake, chini kidogo ya mparachichi, amevaa suti ya kahawia na skafu ya timu. Ile skafu Karambu aliikataa. Mchungaji naye aliikataa. Lakini mashabiki walikuja na mabasi mawili, wakaimba tangu asubuhi, na jeneza lilipofungwa skafu ilikuwa shingoni. Jumamosi ya pili baada ya mazishi Naftaly aliamka akaenda mpirani, na hakuna mechi ya nyumbani aliyoikosa tangu hapo.

Kilichomuudhi Karambu si kufufuka kwa mumewe. Mchungaji alikuwa amehubiri habari za ufufuo miaka yote, na Karambu alikuwa ameitikia amina kwa moyo wake wote. Kilichomuudhi ni kwamba katika Jumamosi hizo zote Naftaly hakuwahi kuingia nyumbani kunywa chai, wala kuuliza Lenah anaendeleaje na masomo, wala kutazama bati lililokuwa likivuja juu ya jiko. Alipita nyuma ya nyumba yake mwenyewe kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Alipokuwa hai pia Jumamosi haikuwa ya Karambu, lakini alitarajia kifo kingebadilisha kitu.

Kamati ya klabu ilikutana mara moja tu kuhusu jambo hilo. Iliamua kwamba marehemu wataendelea kuwa wanachama, watakaa pamoja safu ya tatu, hawatawazuia wengine kuona, na wataingia kwa mlango uleule wa kila mtu. Hakuna aliyepinga.

Mlango wenyewe unahitaji maelezo. Ndurumo umezungushiwa ukuta wa mawe na una njia mbili za kutokea. Kuna lango kubwa upande wa barabara, ambalo lori linapita bila kugusa, na kuna mlango mdogo upande wa vyoo, ambao mtu mnene hupita kwa kujigeuza ubavu. Lango kubwa hufungwa kwa mnyororo na kufuli wakati wote wa mechi. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Njoka, aliamini kwamba likiachwa wazi watu wataingia bure. Isitoshe, mbele ya lango hilo, upande wa ndani, pana kivuli kizuri cha mti wa grevilia, na hapo ndipo alipoegesha gari lake jeupe.

Aprili ile aliyokufa Naftaly, dakika ya themanini na nane, Rovers wakiwa sare na Rupingazi ya Embu, mvua ya mawe ilianguka. Watu elfu mbili walitaka kutoka kwa pamoja. Mlango mdogo ukaziba, waliobaki wakakimbilia lango kubwa, na pale wakafa watu saba: watano wa Rovers na wawili wa Rupingazi. Kamati ya Ligi ya Mito ilichunguza kwa siku nne ikaandika kuwa chanzo cha maafa kilikuwa tabia mbaya ya mashabiki. Mashabiki wenyewe waliisoma ripoti hiyo wakasikitika. "Kweli sisi hatuna nidhamu," waliambiana, na wakaendelea kupita mlango mdogo.

Sasa Karambu alikuwa matroni wa bweni katika shule moja ya wasichana hapo Kaaga. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akijaribu kwa mkono wake mwenyewe, kila siku, kama milango yote miwili ya bweni inafunguka kutoka ndani. Kama kuna kitu alichokijua duniani, ni milango. Ripoti ya ligi aliisoma mara tatu akitafuta neno kufuli, asilione.

Aliandika barua. Akaandika nyingine. Ya tano ndiyo iliyojibiwa, na jibu lake lilikuwa mfukoni mwake siku hiyo ya maharagwe. Ligi ilikubali kulifungua faili kwa siku moja tu, Jumamosi tatu baadaye, hapohapo uwanjani, ikiwa atapatikana mtu wa klabu husika aliyefika kwenye lango kubwa na kuona hali yake. Na wiki mbili baada ya siku hiyo, Rupingazi wangekuja tena Ndurumo kwa mara ya kwanza tangu maafa. Lenah, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa akisoma chuo kikuu kule Nchiru, alikuwa ameshatangaza kwamba dabi hiyo haikosi. Karambu alitaka lango lifunguliwe kabla mtoto wake hajaingia mle ndani. Hakutaka kingine. Akamimina maharagwe guniani, akafunga kitambaa kichwani, akamfuata mumewe.

Alimkuta safu ya tatu, katikati ya mjadala.

"Nchi hii inataka kocha wa kutoka nje," marehemu mmoja aliyekuwa kinyozi alikuwa akisema. "Mtu asiye na mjomba hapa."

"Kocha wa nje atafanya nini?" Naftaly akamkatiza. "Shida ni refa. Refa wa mpira ananunuliwa, refa wa kura ananunuliwa. Sasa wewe utashinda aje?"

Waliokufa na walio hai wote waliafiki. Waliafiki pia kwamba viongozi ni wezi, kwamba barabara ya kwenda hospitali imeliwa, na kwamba vijana wa siku hizi wanatukana hata refa mzee. Kisha, bila kupumua, waliafiki kwamba Njoka, aliyekuwa akigombea uwakilishi wa wadi mwezi Agosti, lazima apite. Mpinzani wake alikuwa mtu wa ng'ambo ya barabara kuu. Zaidi ya hilo hakuna aliyejua ubaya wake.

Ungedhani kufa humwongezea mtu maarifa. Karambu aliwasikiliza robo saa na hakusikia neno hata moja ambalo hakulisikia sebuleni kwake mwaka 2002.

"Kocha akipoteza mechi tatu mnataka aende na virago vyake," alisema. "Kiongozi akipoteza miaka mitano mnamwongezea mingine. Hiyo ni akili gani?"

Marehemu walisogea kumpa nafasi, kwa adabu, kwa kuwa alikuwa mke wa mwenzao.

"Mama Lenah, siasa si mpira," kinyozi alimweleza taratibu. "Njoka tunamjua. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

"Nyinyi limewabakiza nini?"

Kinyozi alijitazama, akageukia uwanja. Karambu akaketi karibu na mumewe na kuinamisha sauti.

"Baba Lenah. Siku ile ulifika kwa geti kubwa?"

"Sikumbuki vizuri. Mvua ilikuwa mingi."

"Ulikufa hapo. Mtu anasahau aje mahali alikufia?"

Naftaly aliangalia nyasi, ambako hakukuwa na mchezaji hata mmoja bado. "Njoka ni mtu wa rika langu," alisema mwishowe. "Tulitahiriwa msimu mmoja, tukauguza kidonda nyumba moja. Mtu kama huyo simtaji vibaya mbele ya watu, na wewe unajua. Na hata kama si rika, huu ni mwaka wa kura. Nikifungua mdomo, kiti kinaenda ng'ambo ya barabara. Hiyo ni kujifunga bao."

"Na Lenah?"

"Lenah nitamkalisha hapa karibu na mimi. Usijali."

Karambu alimtazama mtu aliyekuwa akimhakikishia usalama wa mtoto akiwa amevaa suti ya kuzikiwa. Aliyotaka kusema yangesikika mpaka Makutano.

Aliinuka akazunguka hadi nyuma ya goli. Huko alikuwa akiketi Kivuti, mfugaji wa mbuzi kutoka Siakago, mmoja wa wale wawili wa Rupingazi waliofia langoni. Kivuti naye hakukosa mechi ya hapo alipofia; alikuwa akianza safari tangu Alhamisi kwa miguu, kwa kuwa magari hayakumsimamia, na kila alipofika alikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Mashabiki wa Rovers walimkataza kukaa jukwaani. Hawakumkatalia kwa kuwa amekufa. Walikataa rangi ya fulana yake.

Karambu alimpa maji, akamuuliza swali lilelile, na Kivuti hakuhitaji kufikiri.

"Mimi na mzee wako tulikuwa bega kwa bega," alisema. "Yeye ndiye alishika cheni. Alitikisa, akaita Njoka afungue. Chairman alikuwa hapo, ni kama hatua kumi, ufunguo uko kwa kidole. Akasema tungoje asogeze gari kwanza, isikwaruzwe. Akasogeza. Kurudi, sisi tumeisha."

"Utasema hivyo kwa karani?"

"Mimi naweza sema hata mara saba, mama. Lakini hawa watu wako wataniskia?"

Karambu alimwambia kwamba ukweli ni ukweli. Alilisema neno hilo kwa sauti ya matroni, ile ambayo wasichana mia mbili huitii, na kwa siku chache aliliamini.

Jumapili iliyofuata Lenah alikuja nyumbani na shuka kuukuu na kopo la rangi, akaanza kuandika bango sakafuni. Karambu alimweleza habari ya gari na ufunguo. Lenah alisikiliza huku akipaka herufi, na hakushangaa.

"Mum, hiyo story ya geti kila mtu anaijua," alisema. "Lakini saa hii si time yake. Wacha Njoka apite kwanza. Akishapita, sisi vijana tutamshika vizuri."

"Mtamshika na nini?"

"Na pressure."

"Baba yako alimshika na cheni mikononi. Si hiyo ilikuwa pressure?"

Lenah alicheka kidogo, kisha akaona mama yake hacheki. "Si Dad atakuwa hapo? Mimi nitakaa na yeye tu. Mum, tangu afe, huko ndiko mimi humwona."

Neno hilo lilimchoma Karambu, maana lilikuwa kweli. Alitaka kumwambia asiende. Alimwambia, mara nne. Lakini mtoto alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na Karambu hakuwa mtu wa kumfungia mwingine mlango.

Siku ya ushahidi ilifika. Karani wa ligi, Bi. Cicily, aliweka meza yake ndogo kwenye kona ya uwanja, akaitegemeza kwa jiwe upande mmoja, akapanga fomu. Njoka alikuwa ameleta kreti za soda kwa kila mtu na kuketi safu ya mbele akiwa na kofia ya rangi za klabu, akipeana mikono na walio hai na waliokufa bila kubagua.

"Shemeji," alimwita Karambu. "Siku hizi umenyamaza sana."

"Leo nitasema," Karambu alisema.

Kivuti aliitwa kwanza. Bi. Cicily alimuuliza jina, nambari ya kitambulisho na makao.

"Siakago," Kivuti alisema. "Chini ya ule mwamba wa kwa baba."

"Hali?"

"Marehemu."

Bi. Cicily aliandika. Kivuti akasimulia yote, kwa mpangilio, bila kupandisha sauti: mvua, mlango mdogo, mnyororo, hatua kumi, gari. Alipofika kwenye ufunguo, jukwaa likaanza.

"Offside!"

"Huyo amelipwa!"

"Refa, kadi! Kadi!"

"Ni hasira tu, siku hiyo tuliwafunga!"

"Tulitoka sare," Kivuti alisema.

Hakuna kilichowakera kama hilo. Maganda ya ndizi yaliruka. Bi. Cicily alisubiri kelele zipungue, akamaliza sentensi yake, kisha chini ya ukurasa akaandika kwamba shahidi ni wa timu pinzani. Alimweleza Karambu, bila ubaya wowote, kwamba barua ilikuwa imesema mtu wa klabu husika, na kwa hiyo maelezo haya yatawekwa kwenye faili lakini hayatahesabiwa.

Ndipo akaitwa Naftaly.

Karambu alikwenda kusimama mbele ya mumewe, hatua tano tu, ili akisema amwangalie yeye. Naftaly alimtazama mkewe. Akamtazama Njoka, aliyekuwa ameshika chupa ya soda bila kunywa. Akatazama safu zote za skafu za Rovers, watu aliokuwa akilia na kucheka nao tangu utotoni.

"Geti ilikuwa wazi," alisema.

Bi. Cicily aliandika. "Wazi kiasi gani?"

"Wazi kabisa. Lori ingepita. Ni sisi tulisukumana. Sisi mashabiki tuko na tabia mbaya, hiyo hata leo mimi nasema."

Jukwaa lililipuka. Ngoma zikapigwa, soda zikamwagika, na Naftaly akabebwa juu juu kuzunguka uwanja mara mbili. Waliombeba walisema baadaye kuwa ni mwepesi kuliko walivyodhani.

Hasira ilimpanda Karambu mpaka masikio yakaziba. Karambu alikuwa amemlilia mtu huyu. Alikuwa amekaa mwaka mzima akilala upande mmoja wa kitanda, akiacha ule mwingine kama ulivyokuwa. "Mwongo!" alipiga kelele. "Ulikufa aje kwa geti iliyokuwa wazi?" Hakuna aliyemsikia. Aligeukia meza. "Andika na yangu."

"Ulikuwepo siku hiyo, mama?"

"Nilikuwa kazini Kaaga."

"Basi siwezi."

"Haya. Geuka tu uangalie nyuma yako."

Bi. Cicily aligeuka. Lango kubwa lilikuwa nyuma yake, si mbali, limefungwa kwa mnyororo uleule na kufuli lilelile, na gari jeupe limeegeshwa mbele yake chini ya mgrevilia. Alilitazama kwa makini kwa muda wa kutosha. Kisha akasema kwamba fomu yake inahusu hali ya lango mwezi Aprili 2015, akaikunja, akauliza kama kuna mwingine.

"Pole, shemeji," Njoka alimwambia walipokuwa wakitoka. Alisema kwa upole wa kweli, na huenda alimaanisha. "Hata mimi hilo jambo huniuma. Tutaliangalia baada ya uchaguzi."

Sikio la kufa halisikii dawa, wahenga walisema, na Karambu aliwaza kwamba hawakueleza lile la aliyekwisha kufa husikia nini. Wiki mbili hakwenda kupepeta wala kupalilia upande wa mparachichi. Siku ya dabi aliazima msumeno wa kukatia chuma kutoka stoo ya shule, akaufunga kwa gazeti, akafika Ndurumo saa sita, akasimama nje ya lango kubwa upande wa barabara, akaanza kukata mnyororo.

Mnyororo ulikuwa mzuri. Alikuwa amekata theluthi ya pingili moja pale Naftaly alipotokea upande wa ndani akiwa na kinyozi na walinzi wawili walio hai.

"Mama Lenah," Naftaly alisema kupitia upenyo. "Usituaibishe. Watu wa Embu wanaangalia."

Ni kweli walikuwa wakiangalia. Walikuwa wamesimama kando ya basi lao na baadhi yao walitikisa vichwa, kwa sababu kuharibu mali ya uwanja ni tabia mbaya popote. Walinzi walizunguka wakamnyang'anya Karambu msumeno kwa heshima, wakamwandikia karatasi ya kuuchukua baada ya mechi. Lenah alipita katika msururu wa mlango mdogo, amechora uso, amekumbatia bango. "Mum, relax!" aliita, akajigeuza ubavu, akaingia.

Karambu hakwenda nyumbani. Alisimama palepale dakika zote tisini, vidole vimeshika mnyororo, akisikiliza. Kila jukwaa lilipounguruma aliuvuta tena. Hakujua angefanya nini kama wangekuja wakikimbia. Mtu wa nje hana nguvu kuliko wa ndani. Alisali. Alimwomba Mungu isinyeshe, na kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine yeyote uwanjani, akamwomba pia Rovers wafungwe mapema.

Rovers walifungwa mapema. Bao la tatu la Rupingazi liliingia dakika ya hamsini na tano, na kuanzia hapo mashabiki wa nyumbani walianza kutoka mmoja mmoja kwa mlango mdogo, wakimtukana kocha na kumtaka aende kwao. Firimbi ya mwisho ilipolia jukwaa lilikuwa nusu tupu. Hakuna aliyeumia. Lenah alitoka akitafuna mahindi ya kuchoma.

"Mmeona?" Njoka aliwaambia watu waliomzunguka. "Mlango mmoja unatosha. Ni nidhamu tu." Na kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na maiti ya kumbishia, maneno hayo yakawa ndiyo ukweli. Kocha alifukuzwa Jumatatu. Mnyororo uliokatwa theluthi uliondolewa, ukanunuliwa mwingine mnene zaidi.

Agosti Njoka alishinda kwa kura nyingi. Kulikuwa na nyama na ngoma, na mtu wa ng'ambo ya barabara akakubali kushindwa mapema, jambo ambalo watu wa Ndurumo walilisifu kama mfano mwema.

Ligi iliporudi, Karambu alikuwa hajamsemesha mumewe tangu Juni. Alikuwa amekata shauri. Jumamosi ya kwanza alikwenda uwanjani kwa neno moja: Naftaly asipite tena kwenye kahawa yake, azunguke na barabara kama wageni wengine. Alimkuta safu ya tatu, akaketi kando yake, na alikuwa ameshafungua mdomo alipoona wino wa zambarau kwenye kidole chake kidogo cha kushoto.

"Ulipiga kura?"

"Jina bado liko kwa daftari," Naftaly alisema. "Na kitambulisho mlinizika nacho."

"Ulimpigia nani?"

Swali halikuhitaji jibu. Karambu alimkamata mkono auone vizuri huo wino, kana kwamba huenda ni uchafu tu, na mkono ukageuka ndani ya mkono wake. Katika kiganja, kutoka chini ya vidole hadi kifundoni, kulikuwa na alama za pingili za mnyororo, moja baada ya nyingine, zimezama nyamani, nyeusi kama za jana. Alichukua ule wa kulia. Nao ulikuwa hivyohivyo. Kumbe tangu azikwe hakuwa amemshika mikono hata mara moja.

Kinyozi aliangalia upande mwingine.

"Nilitikisa," Naftaly alisema polepole. "Nilitikisa sana, Mama Lenah. Nilimwita na jina la rika, lile hatutaji mbele ya watu. Akaniskia. Aligeuka akaniangalia."

"Sema hivyo kwa sauti."

Naftaly alivuta pumzi, ingawa hakuwa na haja nayo, na Karambu akaona kabisa kwamba neno limefika kwenye meno. Akamkaza mikono. Alikuwa amemsamehe tayari, kila kitu, chai na bati na Jumamosi zote.

Upande wa barabara gari jeupe lilipiga honi. Mlinzi alikimbia na ufunguo, akafungua lango kubwa wazi kabisa, gari likapita polepole, akalifunga tena kwa mnyororo mpya. Mheshimiwa alishusha kioo akapunga mkono, na jukwaa zima likainuka. Naftaly aliitoa mikono yake katika mikono ya mkewe, taratibu asimuumize, akasimama na wenzake, akapiga makofi.